Sisimizi wa Ruoxi

Sikio la kufa halisikii dawa.
Hili la kushoto la Ruoxi linasikia.
Linasikia kila siku saa kumi na mbili alfajiri,
Harbin ikiwa gizani bado, na vioo vya dirisha
vimeota maua ya barafu upande wa ndani.
Mama yake, Qiu Lanzhi, anakifumbata kibanio kiganjani
kwanza kipate joto,
halafu anakipachika kwenye kibonde cha sikio
ambako kalamu ya daktari iliacha nukta.
Anazungusha kitufe. Moja. Mbili. Tatu.
"Unahisi?"
"Bado."
Nne.
"Sasa. Kama sisimizi aliyepotea."

Lanzhi hushika zamu kwenye nyumba ya matanuri,
wanakopikia maji ya kupasha joto majengo arobaini na mawili.
Anazijua vali. Anajua kwamba pupa hupasua bomba,
na kwamba nusu mzunguko, kwa mkono usio na haraka,
huweza kulaza mtaa mzima.
Kwa hiyo daktari Tong alipomchorea ile neva
itokayo sikioni kwenda kwenye shina la ubongo,
neva mzururaji, yenye ndugu kooni, moyoni, tumboni,
hakuuliza inafanyaje kazi.
Aliuliza: "Mtapasua wapi?"
"Hatupasui."
Akauliza tena. Hospitali nyingine walishamwambia
habari za betri chini ya ngozi ya kifua
na kovu la shingoni, dogo tu.
"Hatupasui, mama."
Akaikunja karatasi mara nne, akaitia ndani ya glavu.

Babu alicheka, kicheko cha mtu aliyeibiwa.
Miaka mitatu alikuwa akimbandika mjukuu
mbegu nyeusi masikioni kwa plasta,
akizibonyeza kwa ukucha kabla ya kulala.
"Mlango ni uleule," akasema.
"Mimi nilibisha hodi bila umeme."
Hakuna aliyemjibu. Mbegu hazikuzuia kitu,
wala hakuna aliyezibandua.

Daftari linasema:
wiki ya kwanza, kumi na moja.
Ya tatu, kumi na nne, na usiku ule Lanzhi
alikishika kile kifaa juu ya pipa la taka
mpaka mkono ukachoka.
Ya saba, sita.
Ya kumi na mbili, nne, na mojawapo haikumwangusha;
ilimpita usoni kama kivuli cha ndege
naye ameshika penseli.
*Penseli haikudondoka*, mama aliandika,
akapigia mstari, akapigia wa pili.

Asije mtu hapa kutangaza muujiza.
Dawa ya maji, ile chungu, ingali rafuni.
Kofia ya sponji ingali inavaliwa kwenye ngazi,
na mwalimu angali anamkalisha mbali na jiko.
Kifafa hakijahama nyumba hii;
kimejifunza kupiga hodi kwa adabu kidogo.

Jana jioni zilikuwa zimebaki dakika tisa
kilipoingia, kibanio kikiwa sikioni.
Jicho likavutwa pembeni.
Kidole gumba kikajifungia ndani ya ngumi.
Lanzhi akamlaza ubavu, akahesabu bila sauti.
Babu akasimama mlangoni na bakuli
la pea zilizoganda, zikiyeyuka majini,
kila moja imejivika ganda lake la barafu.
Thelathini na nane.
Ruoxi akarudi kama mtu apandaye ngazi gizani
akipapasa ukuta.
Akagusa sikio. Tupu.
Kibanio kilikuwa kinaning'inia kwa waya wake,
kikiitekenya hewa.
"Sisimizi yuko wapi?"
"Huyu hapa."
"Mrudishe," akasema, ulimi bado mzito.
"Nina dakika zangu tisa."